Akiba Huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga wale hawakuwa na eksteno.

Ndugu msomaji, usidhani nimeanza kwa mzaha. Jambo ninalotaka kulisema limeninyima usingizi kwa muda mrefu, na kila nikijaribu kulileta kijiweni wenzangu hunikatisha: "Ah, kaka, si diski tu hiyo? Nunua nyingine." Basi nimeona niliandike. Anayeandika hakatishwi kauli, angalau mpaka amalize.

Swali langu ni hili. Mtu akikuletea kitu chake akakwambia "nihifadhie," nawe ukamjibu "nimekihifadhi," umefanya nini hasa? Ni swali dogo, utasema, la kitoto kabisa. Hata mimi nililiona hivyo, mpaka siku mwenyewe alipokuja kudai chake.

Kundi letu la waandishi hukutana Magomeni kila Jumamosi jioni, kwenye kibaraza cha muuza kahawa. Mwaka 2021 tulichangishana tukaenda Kariakoo tukanunua eksteno moja ya terabaiti moja. Kidude chenyewe kinaingia mfuko wa shati. Mimi ndiye niliyekuwa na kompyuta yenye afya kidogo, kwa hiyo nikateuliwa kuwa mtunza diski. Nakiri kwamba cheo kile nilikipenda. Kila aliyeandika hadithi, shairi au mchezo wa redio alikuja na flashi yake, nami nikamimina. Nilitengeneza folda kwa jina la kila mtu, na ndani ya folda nikatenga miaka. Ukinikuta siku hizo ungedhani ni mkurugenzi wa nyaraka za taifa.

Miongoni mwetu yupo mmoja tunamwita Mbagala, kwa kuwa ndiko anakoishi. Desemba 2021 alikwenda Kilwa Kivinje kwa bibi yake, mama mzaa baba, akakaa wiki mbili. Bibi yule alikuwa msimulizi wa kweli, wa wale wanaosema "Paukwa!" ukajikuta umeitika "Pakawa!" kabla hujajua umeitika. Kila usiku baada ya chakula mjukuu aliweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa, akarekodi. Akapata hadithi 11. Aliporudi Dar simu ilikuwa imejaa, hata picha haipigi. Akaja kwangu, tukazihamisha. Nakumbuka vizuri sana. Ule mstari wa kijani ulipofika mwisho aliniuliza:

"Zimeingia?"

"Zimeingia," nikamwambia. "Futa tu. Ziko salama kwangu."

Akafuta.

Aprili 2023 bibi akafariki. Siku chache kabla ya arobaini, Mbagala alikuja nyumbani jioni, amechoka na foleni, hata maji hakutaka. Ndugu wamekubaliana, alisema, kwamba usiku baada ya kisomo watoto wakalishwe wasikie sauti ya bibi yao. Nikachomeka eksteno. Taa ikawaka. Halafu ikaanza kutoa mlio: tik… tik… tik… kama saa ya ukutani iliyokwama kwenye sekunde moja. Kompyuta haikuona kitu.

Hapo ndipo nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelikumbuka siku zote. Wiki mbili nyuma mpwa wangu alikuwa anaangalia katuni kutoka kwenye eksteno ile ile, akajikwaa kwenye waya, ikaruka kutoka mezani mpaka kwenye sakafu ya saruji. Niliiokota, nikaitikisa karibu na sikio kama mtu anayekagua yai viza, nikaitia kwenye droo. Sikuijaribu. Nadhani niliogopa kuijaribu.

* * *

Kesho yake tulikwenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa fundi mmoja kijana. Akaichomeka, akasikiliza mlio mara moja, akaichomoa. "Bosi, hii imekufa kichwa," alisema. Akatueleza, na tangu siku ile nimesoma zaidi, na ninaona ni vema kila mwenye eksteno ajue anachokibeba.

Ndani ya eksteno ya kawaida mna sahani, moja au zaidi, zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku. Sahani hizo huzunguka, kwa eksteno nyingi, mara 5,400 kwa dakika. Yaani mara 90 katika sekunde moja. Juu yake kuna kichwa kidogo kinachosoma na kuandika, na kichwa hicho hakigusi sahani: kinaelea juu ya hewa. Nafasi iliyopo kati yao ni nanomita chache tu, wakati unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Diski ikianguka huku inazunguka, kichwa hupiga sahani na kuikwangua. Ule mlio wa tik tik ni kichwa kinachotafuta njia, kinakosa, kinarudi, kinatafuta tena.

"Ukiniambia nifungue nitafungua," fundi alisema, "ila nikifungulia hapa na vumbi hili, ndiyo basi tena." Nilimheshimu kwa neno lile. Wapo wenye vyumba maalumu visivyo na vumbi, nje ya nchi, ambao kazi yao ni hiyo tu. Tulichanga, kundi zima, fedha zilizozidi mara kadhaa bei ya eksteno yenyewe, tukaipeleka. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili: sahani imechubuka mduara kwa mduara, hakuna kilichopatikana.

Hadithi zile 11 zote kwa pamoja hazikufika gigabaiti moja. Zilikuwa chini ya sehemu moja ya elfu ya diski. Flashi ambayo ingezibeba zote, na nafasi ikabaki, bei yake ni sahani mbili tatu za chipsi mayai. Na ile nafasi kubwa ya eksteno ilikuwa na nini? Filamu. Tamthilia za Kikorea, misimu yote. Amana ya mtu niliilaza kati ya katuni na filamu za ngumi, kwenye chombo ambacho kila aliyetaka kujifurahisha alikuja kukichomoa.

* * *

Sasa tuje kwenye hukumu. Kijiweni waliniachia huru siku ile ile. "Hukukusudia," walisema. Ni kweli, sikukusudia. Lakini hoja hiyo hainitoshi. Dereva aliyelala kwenye usukani naye hakukusudia.

Nikaenda kwa mjomba wangu, mzee wa chuo, mtu anayejua mambo ya amana. Nikampa shikamoo, nikakaa mkekani, nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema sheria yake ni nyepesi: aliyewekewa amana si mdhamini. Ikipotea kwa ajali, halipi. Isipokuwa amezembea au amevuka mpaka.

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Ajali! Mtoto, waya, saruji. Furaha ile ilidumu siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kujiuliza lile neno la mwisho: je, nilizembea?

Nilijihoji kama hakimu. Ulikuwa na nakala ya pili? Hapana. Ulimwambia mwenzako kwamba nakala ni moja tu? Hapana. Ulimwambia afute ya kwake? Ndiyo. Kwa nini? Hapo nilikaa kimya muda mrefu, kwa kuwa jibu halinipendezi. Nilimwambia afute kwa sababu nilipenda kuwa mtu ambaye vitu vya watu viko salama kwake. Niliipenda ile sauti yangu nikisema "ziko salama kwangu."

Kwa hiyo naikataa hukumu ya kijiwe. Kosa langu halikuwa kuanguka kwa diski. Vitu huanguka. Kosa langu lilikuwa neno moja: futa. Kabla ya neno lile hadithi za bibi zilikuwa mahali pawili, kwenye simu na kwenye eksteno, na bibi mwenyewe mzima, hivyo mahali patatu. Baada ya neno lile zikawa mahali pawili, na bibi alipozikwa zikawa mahali pamoja. Sikuwa nimehifadhi kitu. Nilikuwa nimehamisha hatari kutoka mfukoni mwa mwenzangu kuileta kwenye droo yangu, kisha nikamwambia alale usingizi.

Wanaoitumia vizuri lugha yetu huita nakala ya akiba chelezo, neno la watu wa baharini, boya linaloelea. Mvuvi anaposhusha dema chini, huacha boya juu. Boya si dema na si samaki. Kazi yake ni kukuonyesha pa kurudi kile cha chini kinapokuwa hakionekani. Ukizamisha kila kitu, pamoja na boya, huna chelezo. Una bahari tu.

* * *

Lakini ndugu msomaji, kama kosa lingekuwa hilo tu, makala haya yangekuwa ya ufundi: nunua diski mbili, kwisha. Lipo la pili, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Katika miezi 15 ambayo zile hadithi zilikuwa kwangu, sikusikiliza hata moja. Hata moja! Mimi, mtu ninayejiita mwandishi. Nilizipa folda, nikaandika jina na mwaka, nikaona nimezimaliza. Na Mbagala naye, aliyezirekodi, hakuwahi kurudi kuzisikiliza. Kila mmoja wetu alijua zipo. Kujua kwamba zipo ndiko kulikotutosha.

Angalia neno letu lenyewe. Kwa Kiswahili, kuhifadhi ni kuweka kitu mahali pa usalama. Lakini kuhifadhi ni pia kutia moyoni. Mtoto wa chuoni akimaliza juzuu moja bila kuangalia msahafu, tunasema amehifadhi juzuu. Hatumaanishi ameifungia kabatini. Tunamaanisha unaweza kumwamsha usiku wa manane, umzimie taa, naye akasoma. Neno moja limebeba matendo mawili, na nadhani kwa wazee wetu yalikuwa karibu tendo moja, maana hawakuwa na kabati kubwa kuliko kichwa.

Eksteno imeyatenganisha. Sasa naweza kuhifadhi bila kuhifadhi. Naweza kuwa na vitabu 3,000 ambavyo sijasoma, nyimbo ambazo sijasikiliza, sauti ya bibi wa mwenzangu ambayo sikumbuki hata kama ilikuwa nyembamba au nzito.

Lalamiko hili si jipya. Plato, yule mwanafalsafa wa Uyunani, katika kitabu chake kiitwacho Phaedrus, anamweka Socrates asimulie kisa cha mungu wa Misri aliyeitwa Theuth. Theuth amebuni maandishi, anayapeleka kwa mfalme Thamus, anayasifu kwamba ni dawa ya kumbukumbu. Mfalme anamkatalia. Anamwambia watu watayategemea maandishi, wataacha kukumbuka kwa nafsi zao, na watajiona wana hekima ambayo hawana. Nilipokisoma kisa hicho baada ya mkasa wangu niliona aibu, kama mtu aliyesemwa hadharani miaka zaidi ya 2,300 kabla hajazaliwa.

Lakini tusiharakishe kumshangilia mfalme. Maneno hayo ya Socrates tunayajua kwa nini? Kwa sababu Plato aliyaandika. Socrates mwenyewe hakuacha kitabu. Maandishi yaliyolaumiwa ndiyo yaliyombeba mlaumu mpaka kwetu.

Na sisi tunao mfano wetu wa nyumbani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, hakutuachia diwani iliyopigwa chapa. Beti zake zilipita midomoni mwa watu, kwenye baraza, kwenye mabishano ya mji, miaka mingi baada ya kufa kwake. Mwishoni mwa karne ile ya 19 ndipo Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa, pamoja na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, walipozikusanya kutoka kwa watu waliozijua na kuziandika. Kitabu kilitoka Johannesburg mwaka 1940, kikiwa kimehaririwa na W. Hichens. Hesabu mwenyewe: karne nzima tangu kifo chake mpaka chapa.

Nani alizihifadhi beti za Muyaka? Kwanza ni watu wasio na majina, waliozipenda kiasi cha kuzirudia. Kila aliyezirudia alikuwa nakala moja. Halafu ni karatasi ya Mwalimu Sikujua, maana watu wale nao walikuwa wanazeeka. Ingekosekana karatasi, zingekufa na wazee. Wangekosekana wapenzi, karatasi isingepata cha kuandika. Na zile beti ambazo hakuna aliyezirudia zimekwenda, wala hatujui ni ngapi.

* * *

Nitoe mfano mwingine, wa zama hizi na wa watu wenye mitambo mikubwa, usije ukasema ni mambo ya zamani tu.

Mwaka 1998 kampuni ya Pixar, Marekani, ilikuwa inatengeneza filamu ya katuni, Toy Story 2. Mtu mmoja akatoa amri ya kufuta kwenye mitambo, na wafanyakazi wakaanza kuona wahusika wao wakitoweka kimoja kimoja mbele ya macho. Wakakimbilia nakala za akiba. Kumbe nakala zile hazikuwa zinafanya kazi sawasawa kwa muda, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyezifungua. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa ufundi. Alikuwa amejifungua, anafanyia kazi nyumbani huku akilea, kwa hiyo alikuwa na nakala yake. Waliifunga kompyuta ile kwenye mablanketi, wakaipakia garini, wakaiendesha taratibu mpaka studio.

Watu hukisimulia kisa hiki kama kisa cha bahati. Mimi nakiona tofauti. Ile nakala rasmi, iliyowekwa kwa makusudi ya kuwekwa tu, ndiyo iliyooza. Iliyopona ni ile iliyokuwa ikitumiwa, ile ya mama aliyeifanyia kazi nyumbani huku akilea. Akiba iliyoguswa ikaishi. Iliyolazwa ikafa, na kifo chake hakikujulikana mpaka siku ya shida.

Na hili si la diski zinazozunguka tu. Diski mpya zisizo na sahani hazivunjiki kichwa zikianguka, lakini ukiziacha miaka bila umeme zinaweza kupoteza zilichobeba. Na lile wanaloliita wingu ni diski za watu wengine, mbali, zenye ada ya kila mwezi na neno la siri ambalo ukifa nalo limekufa. Hakuna chombo kinachokuondolea wajibu wa kurudi kuangalia. Diski kuu ya kwanza, ile ya IBM ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na uzito wa karibu tani moja, na ilibeba herufi milioni tano hivi. Eksteno yetu ya mfukoni ilibeba kiasi cha mitambo 200,000 ya namna ile. Sidhani kama mtu aliyekuwa na mtambo wa tani moja aliwahi kusahau kilichomo ndani. Wepesi wa kuweka ndio unaotufundisha kusahau.

* * *

Usiku wa arobaini nilikwenda Kilwa. Nilipanda basi Mbagala Rangi Tatu alfajiri, pamoja na mwenzangu, na njia nzima hatukuongea zaidi ya mambo ya nauli na maji. Baada ya kisomo na chakula, watoto walikalishwa kwenye mkeka kama ilivyopangwa. Wazee walikuwa wameshaambiwa kwamba sauti haipo. Mbagala akasimama, akasema atajaribu mwenyewe.

Akasimulia kisa cha binti aliyekataa posa saba. Alikisimulia chote, na mposaji mmoja mmoja, na mahari ya kila mmoja, na jibu la kila mmoja. Nilimshangaa. Tulipotoka nje kupunga upepo nikamuuliza, hiki ni kipi kati ya vile 11?

"Hakimo," aliniambia. "Hiki alikisimulia usiku umeme ulipokatika. Simu ilikuwa imezima."

Tukanyamaza. Kisha akasema jambo ambalo nimekuwa nalo mpaka leo. "Vile vingine alipokuwa anasimulia, mimi nilikuwa naangalia chaji."

Hadithi ile ya 12, ambayo haikurekodiwa, ndiyo pekee aliyokuwa nayo nzima. Zile 11 zilizorekodiwa alikuwa na vipande: jina la fisi fulani, kiitikio cha wimbo mmoja bila ubeti wake.

Ningependa kuishia hapo nitangaze kwamba kichwa ni bora kuliko diski. Ingekuwa makala tamu. Lakini nitakuwa mwongo, maana asubuhi yake shangazi wa Mbagala alitukuta tunakiandika kisa kile kwenye daftari, akatuuliza kinaishaje. Tukamsomea: binti hakuolewa na yeyote, akalima shamba lake la mikorosho akatajirika. Shangazi akacheka mpaka akashika kiuno. "Nani kawadanganya? Kaolewa na wa nane, yule kipofu! Mama kanisimulia mwaka ambao nyie hamjazaliwa." Wakabishana, mtu na shangazi yake, hadi chai ikapoa. Kila mmoja ana hakika. Mimi nikaandika miisho yote miwili.

Kama sauti ya bibi ingekuwepo tungejua alivyosema usiku ule. Huenda Mbagala amembadilisha binti kwa kupenda kwake. Huenda bibi mwenyewe alimbadilisha alipozeeka, na hilo nalo ningetamani sana kulijua. Kichwa nacho huozesha, tena huozesha kimya kimya bila hata ya tik tik. Na kipo kitu ambacho hakuna kichwa kitakachokihifadhi: kikohozi chake kati ya maneno, namna alivyovuta pumzi kabla ya kusema "Paukwa." Hicho kilikuwa kwenye diski tu. Hicho ndicho nilichopoteza hasa, na hakuna shangazi atakayenirudishia.

* * *

Basi ninasema nini? Nasema kuhifadhi ni kazi mbili, na aliyefanya moja akaacha nyingine hajahifadhi.

Ya kwanza ni ya mikono. Mpiga picha mmoja Mmarekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni ya tatu-mbili-moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumbani, moto au mwizi asichukue vyote kwa mkupuo. Ishike kanuni hiyo. Kabla ya kutamka neno "futa" kwa mtu, hesabu kwanza. Na kama umebakiwa na nakala moja ya kitu cha mwenzio, mwambie, hata kama cheo chako kitapungua.

Ya pili ni ya masikio na ulimi. Kitu ulichowekewa ukifungue, ukisome, ukirudie mbele ya mtu. Hapo ndipo utajua kama bado kizima, na hapo ndipo kinapopata mahali pengine pa kukaa. Sisi waandishi chipukizi tuna hofu kubwa ya kupotelewa na kazi zetu. Tunaziweka hapa na pale, tunazituma huku na kule. Ni vizuri. Lakini jiulize, ikiwa mitambo yote itazimika usiku wa leo, yupo mtu hata mmoja mwenye mstari wako kichwani?

Kundi letu sasa lina diski mbili, na ya pili inakaa Tanga kwa dada yangu, haina filamu hata moja. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunachagua faili moja, ya yeyote, tunaisoma kwa sauti pale kibarazani mpaka mwisho. Muuza kahawa ameanza kutukosoa.

Mbagala anakuja kama kawaida. Hajaniambia amenisamehe, nami sijamwomba aniambie. Kazi zake mpya anampa mwenzetu mwingine azitunze, na sina neno. Majuzi, watu walipokwisha kutawanyika, akaniuliza:

"Ile ya posa saba unayo?"

"Ninayo. Iko kwenye zote mbili, na daftari pia lipo."

"Sikuulizi diski, kaka. Nasimulie."

Nikavuta pumzi, nikasema "Paukwa!" Nilikwenda vizuri mpaka mposaji wa nne. Wa tano nikamkosea mahari yake. Akanisahihisha, tukaendelea.